Kamati ya Kuhurumia Miti yenye Kiu

Idara ya Maji inayo furaha kuutangazia umma kwamba maji hayajakauka. Yamebadilisha mtumiaji tu.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa idara, mihuri mitatu chini yake. Aliyelichapa ni karani wa kumbukumbu, mwanamke mpole ambaye kwa miaka kumi na sita ameandika kila upuuzi wa idara hiyo bila kukosea nukta. Alilichapa bila kukunja uso. Kazi ni kazi, jamani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji ule unakunywa kutoka chemchemi moja iliyoko mlimani. Kila mwaka, wakubwa saba wa idara walipanda huko, na kila mmoja akapanda mkaratusi, akapigwa picha, akawekewa kibao chenye jina lake. Saba kwa miaka kumi na miwili, hesabu mwenyewe: mikaratusi themanini na minne! Mti wenyewe mgeni, tena hauna haya. Unafyonza mchana kutwa, unarefuka, kisha unafyonza kwa sababu umerefuka. Chemchemi iliyokuwa ikijaza matangi mawili sasa ilidondoka kama pua yenye mafua.

Aliyeumia kwanza ni aliye mwisho wa bomba, yaani zahanati ya wazazi. Mkunga wa hapo alikuwa shangazi yake karani.

"Mwanangu," shangazi alimpigia simu, "jana nimezalisha kwa ndoo moja. Ndoo moja! Ninawe mikono, au nimwoshe mtoto? Hebu waulize hao wakubwa zako."

Karani alijifungia chooni akalia, akajipangusa, akarudi kazini na daftari lake. Aliapa kwamba shangazi atapata maji hata kama ni kwa muhtasari wa kikao.

Mtu atauliza, si miti ikatwe? Thubutu! Waraka Namba Tisa unasema mti wa kiongozi ni Kumbukumbu Hai, hautakatwa ila kwa mkono ule ule ulioupanda. Fundi bomba wa idara, mzee mkavu asiyejua kunyamaza, aliwahi kukutwa mlimani na panga. Akaandikiwa barua tatu za onyo kabla hajashuka.

Badala yake iliundwa Kamati ya Kuhurumia Miti yenye Kiu. Wajumbe walikuwa wale wale saba, na mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi, mtu ambaye tumbo lake huingia mlangoni likamkaribisha.

"Ndugu wajumbe," alianza, "mti nao ni mwananchi."

"Kabisa!" wakaitikia.

Karani akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa, naomba mwongozo. Haya maji yanayonywewa kule, niyaandike kwa jina la nani? Nikiandika 'miti' tu, naona kama nawavunjia heshima waliopanda."

Mkurugenzi akatabasamu polepole. "Andika kwa jina la mpandaji. Umma ujue nani ananywesha nini."

Basi wazimu ukaingia chumbani.

"Mimi miti yangu inamaliza mapipa kumi kwa siku," alisema Naibu.

"Kumi? Ile yako vijiti! Yangu ishirini."

"Mimi thelathini, na bado haijashiba!"

Mkurugenzi akapiga meza. "Mwenyekiti hapitwi kwenye kikao chake. Niandikie mapipa sitini!"

Wakampigia makofi, wakatia saini wote saba kwa mbwembwe, mmoja mpaka akachana karatasi. Karani alibana midomo kwa nguvu kicheko kisimponyoke.

Jioni ile ile alimwandikia fundi barua ya utekelezaji. Mgao wa kila nyumba mjini ni pipa moja kwa siku. Yeyote ambaye pipa lake limekwisha kunywewa kwa jina lake mlimani, bomba la nyumbani kwake lifungwe mpaka kesho yake. Na kesho yake, bila shaka, miti ingeamka na kiu.

Fundi aliisoma mara mbili. "Wamesaini?"

"Wote saba."

"Mama yangu mzazi!" Akaibusu karatasi, akabeba spana, akaondoka akipiga mluzi.

Jumatano Mkurugenzi alifika ofisini na sabuni imekauka sikioni. "Bomba langu limekufa!"

"Halijafa, Mheshimiwa. Umekunywa mapipa sitini tangu asubuhi."

"Mimi?"

"Ni saini yako hii hapa. Tukilifuta azimio, itabidi nitangaze kwamba miti yako hainywi kitu, ya Naibu ndiyo inayokunywa."

Mkurugenzi akaondoka akijikuna sikio. Mjadala wa kulifuta ulipangwa Ijumaa lakini haukufanyika, maana wajumbe saba wasiooga siku tatu hawakuweza kukaa chumba kimoja. Mke wa Mkurugenzi alikwisha kuhamia kwa dada yake, mwenye maji.

Jumamosi, mlimani kulisikika mashoka. Waheshimiwa saba, suruali zimekunjwa magotini, miti kumi na miwili kila mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kusaidiwa kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa. Kila kilipobaki kisiki, fundi alikimenya magome kisichipue tena, huku akiwahimiza, "Piga chini, Mheshimiwa, chini! Huo siyo utepe wa uzinduzi!"

Ilichukua wiki sita. Kadiri miti ilivyopungua, chemchemi ilizidi kusikika.

Siku mti wa mwisho ulipoanguka, karani alikwenda zahanati. Shangazi alifungua koki, na maji yakaruka yakawalowesha wote wawili mpaka kifuani. Wakashikana, wakacheka, wakacheza katikati ya dimbwi kama wendawazimu.

Ndipo Mkurugenzi akaingia, amekonda, viganja vyake malengelenge matupu. Alitaka kufungwa bandeji.

Shangazi akajipangusa mikono, akafungua rejista. "Jina?"

Mkurugenzi akatazama huku na huku. "Lazima liandikwe?" alinong'ona. "Andika tu mkata kuni."

"Haya, mkata kuni," shangazi akaandika, kisha akamwonyesha benchi lililojaa wajawazito. "Kaa pale mwisho, baba. Maji yapo, yatakufikia."