Wanaume Nao Wapigwe Muhuri

Susana Akumu,
Mstari wa Mahindi, Soko la Migori.
Jumanne, Agosti 20, 1996.

Kwa Bwana Afisa wa Vipimo na Mizani,
Wilaya ya Migori.

Bwana Afisa Mheshimiwa,

KUH: WANAUME WANAOUZA KILOMITA ZILIZOBONYEA

Natumaini wewe hujambo, na nyumbani hawajambo. Mimi sijambo, ila ninalo jambo. Naandika kwa Kiswahili kilichonyooka kadiri ya uwezo wangu, maana nasikia wewe ni mtu wa Pwani na sitaki kukuumiza masikio.

Utanikumbuka. Mwezi jana ulipita sokoni, ukainua gorogoro yangu, ule mkebe wa kupimia mahindi, juu mbele ya watu, ukaitazama kwa chini, ukaona imebonyea kidogo matakoni, ukaondoka nayo. Sikubishana. Ulisema kwamba gorogoro ikibonyea, mteja ananunua hewa akidhani ni mahindi. Maneno hayo niliyapenda sana, ingawa yalikuwa juu yangu. Utasema nyani haoni kundule. Mimi la kwangu naliona, na naomba ieleweke kuwa gorogoro ile ilikanyagwa na punda, na punda huyo naweza kumleta.

Lakini tangu siku hiyo najiuliza: ikiwa serikali inaweza kusumbuka na kashimo kwenye mkebe wangu, itashindwaje kusumbuka na mume wangu?

Mume wangu anaitwa Simeon, fundi cherehani wa pale kwenye veranda ya duka la viatu. Ni mtu mwema. Mwanzoni mwa mwaka daktari alimwambia ana presha, na kwamba dawa ya kwanza ni kutembea. Akaanza kutembea. Mpaka hapo sikuwa na lalamiko. Kisha ikaja Olimpiki. Redio ikawa inatangaza vijana wetu na medali zao, na kila mwanamume wa mji huu akaamka asubuhi akiwa mwanariadha. Suruali nzuri zilikatwa zikawa kaptura. Aliyezikata ni Simeon, na kwa hilo nashukuru, maana biashara ni biashara. Lakini Olimpiki imekwisha na kaptura bado wanazo, na sasa maji yamenifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa moja.

Mara mbili kwa wiki Simeon huenda Isebania kwa miguu. Huondoka nyumbani kukiwa bado giza, jogoo hata hajafikiria kuwika. Akirudi, watu wa soko humuuliza, naye hujibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa sifa: "Isebania? Ah. Nilifika saa moja."

Bwana Afisa, wewe umezaliwa na Kiswahili, hebu lipime neno hilo. Ni kweli tupu. Rafiki yangu Bhoke, anayeuza uji pale mpakani, ameniapia kwamba Simeon hufika kwake saa moja asubuhi, jua likianza kuwa kali kidogo. Hufika akitembea, na mwisho mwisho akichechemea. Huketi, hunywa uji, hulala kwenye benchi mpaka nzi wamwamshe. Kurudi hurudi juu ya lori la mahindi, na lori hilo halitajwi.

Lakini watu wa Migori hawasikii saa moja ya asubuhi. Wanasikia saa moja ya kuhesabu, yaani dakika sitini, kutoka hapa mpaka Isebania, kilomita zaidi ya ishirini! Wanashika vichwa. Wanamnunulia soda. Nimemwambia, "Baba Benta, waeleze." Ananijibu, "Mimi nimesema saa moja. Wao wakisikia ingine, hiyo ni makosa ya masikio yao." Haya si ndiyo mambo ya gorogoro? Mkebe ni ule ule na rangi ni ile ile, ila chini mna hewa.

2. Mwalimu Kerosi, jirani yetu, anasema kila asubuhi anapiga pushapu mia mbili. Mimi naanika nguo upande wa pili wa ua wake, na naona. Akishuka anahesabu moja, akipanda anahesabu mbili, na akilala chini kupumzika, kimya kidogo, anahesabu tatu. Huyu ndiye anayefundisha watoto wetu hesabu. Siongezi neno.

3. Shemeji yangu Sammy, mdogo wa Simeon, anauza omena, dagaa wa ziwani, kule Homa Bay. Alipokuja kututembelea wakati wa Olimpiki alisema ameogelea kutoka gatini mpaka ng'ambo, kiboko akimfuata nyuma. Alipokuja tena, viboko walikuwa wawili. Nilipokwenda kwake mwenyewe nilimwona anaosha miguu ziwani huku ameshika kamba ya mtumbwi kwa mikono yote miwili.

Najua utasema hayo ni mambo ya Wilaya ya Homa Bay na mkono wako haufiki. Lakini mzigo uliobonyea husafiri, Bwana Afisa. Sammy alipoongeza kiboko wa pili, Simeon hakuweza kukaa na saa moja yake kama mtu aliyeshindwa. Kesho yake alianza kusema, "Na siku hiyo kulikuwa na matope." Kerosi kusikia matope, akasema pushapu zake ni za mkono mmoja. Sisi wa mahindi tunalijua jambo hili. Mmoja akipandisha, mstari wote unapandisha, na anayeumia ni yule aliyekuja na kikapu.

Mwenye kikapu ni mimi. Sasa nakuja kwenye lenyewe.

4. Rabuor.

Kwa kuwa wewe si mtu wa huku, nikueleze kwanza kuhusu pakruok. Ni desturi yetu Wajaluo. Kukiwa na sherehe, mtu anatoa chochote, muziki unasimamishwa, naye anasimama na kujisifu mbele ya wote. Anajiita simba, anajiita mvua, anajiita mkwe wa waziri, na hakuna anayemshika koti kumuuliza ushahidi. Muziki ukirudi, simba anaketi na kuendelea kula. Ni kujisifu kwa halali. Kuna mahali pake, na kila mtu anajua ni pakruok. Ubaya ni pale mtu anapotoka nayo nje akaanza kuitembeza barabarani kama habari ya redio.

Jumapili juzi tulikuwa na harambee ya paa la kanisa pale Rongo. Walikuwepo watu wa Migori na watu wa Oyugis. Mimi nimezaliwa Oyugis, nimeolewa Migori, kwa hiyo nilikuwa nimeketi katikati na sahani yangu. Akasimama Paul, mwenye bucha ya Oyugis, ambaye nimemjua tangu tukiwa watoto. Akasimamisha muziki na kusema yeye ndiye Paul anayepanda mlima akikimbia na paja la ng'ombe begani, na paja halijui kama limebebwa. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, maana ni mtu wa kwetu.

Simeon akasimama. Nilimvuta shati, likatoka ndani ya suruali, lakini yeye hakuketi. Akasema: "Weka muziki chini! Mimi ndio Simeon wa kufika Isebania saa moja! Kama kuna mtu hapa anataka kujua hiyo saa moja inakaa aje, akuje barabarani!"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu walilia kwa furaha. Mwenyekiti wa harambee, ambaye alikuwa hajapata nyama ya kuwalisha mafundi wa paa, akaona mlango umefunguka. Papo hapo yakawekwa masharti: Jumamosi hii, mbio kutoka Rongo mpaka Awendo. Atakayeshindwa, au atakayekosa kufika mstarini, atatoa ng'ombe dume. Paul akamtaja wake mmoja, maana mwenye bucha hakosi. Simeon akamtaja Rabuor.

Rabuor ni wetu. Tunaye mmoja tu. Tunamfunga jembe pamoja na wa jirani, na mvua za vuli zinakaribia. Rabuor akienda, shamba halilimwi, na shamba lisipolimwa mimi sina cha kupima, hata ukinirudishia gorogoro.

Najua Paul naye anaongeza chumvi. Lile paja husukumwa na mkokoteni, na mlima wenyewe ni kilima. Lakini hata ukimtoa Paul chumvi yote, samaki anayebaki bado ni mkubwa. Anakimbia kweli. Simeon hakimbii. Simeon anatembea. Na ana presha.

Nilimwomba ajitoe. Alimaliza kushona pindo la kaptura kwenye cherehani yake, halafu akasema, "Sasa nitaambia watu nini, nyar Oyugis?" Akiniita hivyo, yaani binti wa Oyugis, najua amekwama. Nasema wazi, Bwana Afisa: naogopa. Naogopa kwa ajili ya Rabuor, na yule mwingine ninayemwogopea sitaki hata kumwandika hapa. Ananiudhi, lakini tangu aanze safari zake za Isebania anacheka tena kama alivyokuwa akicheka tulipooana, na ningependa aendelee.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo kabla ya Jumamosi:

(a) Uje sokoni na mnyororo wa kupimia na saa inayokubalika, umpime Simeon hadharani kama ulivyonipima mimi, kisha utangaze kwamba hafai kwa mbio, ili aaibishwe na serikali na si na Paul. Aibu ya serikali huku kwetu ni ya kawaida, na mtu hupona haraka.

(b) Kuanzia mwakani, kila mwanamume aliyepita miaka thelathini na anayemiliki kaptura aletwe siku ile ile ya kupima mizani, apimwe, kisha apigwe muhuri mahali mtakapoona panafaa. Cheti kitolewe nakala mbili. Moja ibaki na mke.

(c) Watu wa forodha Isebania waangalie pia kilomita zinazoingia kutoka upande wa pili. Sina ushahidi, lakini huenda za kule ni fupi.

(d) Viboko wa Homa Bay wahesabiwe na mtu asiye na undugu na Sammy.

(e) Mwanamume atakayepatikana amebonyea achukuliwe akawekwe stoo, pamoja na gorogoro zetu, mpaka mkewe aje kumkomboa. Hapo naomba uangalifu kidogo. Simeon umrudishe kabla ya jioni, maana hali chumvi nyingi na hawezi kulala bila redio.

Haya si makubwa, Bwana Afisa. Debe tupu haliachi kuvuma, hilo tunalijua, lakini hata debe mnalipima. Ikiwa sheria itamshika mwanamke kwa mkebe na kumwachia mwanamume kwa mdomo, basi hiyo sheria nayo inahitaji kutazamwa kwa chini.

Nakutakia kazi njema na mizani isiyoyumba. Nisalimie mama watoto, nisalimie karani wako anayebeba mawe ya kupimia, na yule askari wa kanjo, wa baraza la mji, aliyecheka siku ile msalimie pia, mwambie nimemsamehe ila sijasahau. Wote wa mstari wa mahindi wanakusalimu, isipokuwa wawili ambao wameficha vyombo vyao.

Ni mimi, raia aliyepimwa,

Susana Akumu (Mama Benta).

Nyongeza, Alhamisi:

Barua hii nilikuja nayo ofisini kwako jana nikaambiwa uko ziarani Awendo, nikarudi nayo. Nashukuru Mungu kwa ziara hiyo. Tafadhali usije. Kama umeshafunga mnyororo kwenye baiskeli, ufungue. Yote niliyoandika hapo juu yasome kama pakruok, kisha urudishe muziki.

Leo asubuhi, nikiwa napepeta mahindi, alikuja Paul kutoka Oyugis, amevaa koti la kanisani, amemshika ng'ombe dume kwa kamba. Alikuwa hajalala vizuri, ilionekana. Inaelekea alikwenda mwenyewe mpaka Isebania kuuliza, akamkuta Bhoke, na Bhoke, ambaye ni mwanamke mkweli, akamwambia ndiyo, Simeon hufika saa moja. Paul alinivuta kando nyuma ya magunia. Akasema, "Dada, mimi naweza kimbia na mtu. Siwezi kimbia na gari. Chukua huyu ng'ombe, na uambie watu niliumia mguu."

Ng'ombe huyo ni mzuri, kuliko Rabuor hata. Atachinjwa Jumamosi pale Rongo, na Rabuor anabaki na jembe lake. Simeon ameketi kwenye veranda tangu saa nne akipokea salamu. Amewaambia watu kuwa anamhurumia Paul, kwa sababu mguu ni kitu cha thamani. Presha yake ilipimwa leo na imeshuka. Karibu ule nyama nasi, uje na karani, ila mizani iacheni nyumbani. Gorogoro pia unaweza kuendelea kukaa nayo. Nimepata nyingine, na hii punda hajaifikia kwa kiasi cha kuonekana.

Jambo moja tu nataka ulijue kutoka kinywani mwangu, usije ukalisikia sokoni likiwa limeongezwa. Kabla hajaniachia kamba, Paul alinitazama machoni akasema, "Dada, wewe ni mtu wa nyumbani. Wewe huwezi nidanganya. Hiyo maneno ya saa moja ni ya kweli?"

Nikamwangalia ng'ombe. Nikamwangalia Paul. Bwana Afisa, mimi ni mwanamke wa kanisa, na ndugu yangu wa kwetu sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ukweli wote: saa moja, kamili.