Ramani ya Bega Langu

Jumatatu, 12 Mei
Madame Daphrose, mwalimu wetu wa uchoraji, ametupa kazi ya ajabu. Tuchore njia ya kutoka nyumbani hadi darasani bila kutazama popote. Mwili unaikumbuka, eti. Mstari utoke begani, si kichwani! Picha bora itatundikwa kwenye maonyesho ya Ijumaa, mbele ya wazazi. Lazima iwe yangu, si ya Houda, mshindani wangu darasani. Nimenakili ramani ya simu kwa rula. Mtaa wetu wote wa Buyenzi umenyooka.

Jumanne, 13 Mei
Msiba! Madame ameuliza kama nimechora mtaa au kabati. Houda alicheka mpaka akakaa chini. Kesho tutachora mbele ya darasa, macho yamefungwa kitambaa. Nimefanya mazoezi uani: mkono kulia, juu, kulia tena, kama ngoma. Nikamwaga chai ya shangazi Mwanvua. Akauliza kama nimepandwa na mashetani. Nikasema ni sanaa. Akasema ni yale yale.

Jumatano, 14 Mei
Kitambaa kufungwa tu, mazoezi yote yakapotea. Mkono ukaondoka wenyewe! Ukapita magereji, ukakata kuelekea mtaa wa Jabe, ukapunguza mwendo, ukazunguka, ukazunguka. Nikavua kitambaa. Yalaa! Mstari haukufika shuleni kabisa. Umezunguka nyumba moja mpaka karatasi imetoboka.

Houda akaruka: "Apana! Hapa ni kwetu! Mutu anazunguka kwetu anatafuta nini?"

Anamtafuta Assia, dada yake. Nilidhani siri hiyo tunaijua mimi na moyo wangu. Kumbe na bega! Madame alifuta machozi. Picha bora ya mwaka, amesema. Itatundikwa. Na shangazi atakuja!

Ijumaa, 16 Mei
Niliwahi kabla ya watu. Nikaongeza shule kwa penseli, na njia safi ya kufika. Shangazi akafuata mstari kwa kidole, akakwama kwenye tundu, akauliza nani anakaa hapo. Sauti nyuma yangu ikajibu: "Ni mimi, mama."

Assia! Hapo hapo Madame akaiona njia ya penseli, akaishusha picha. Ya Houda ikapanda.

Jumamosi, 17 Mei
Assia alinifuata mpaka mlangoni jana. Akasema ule mzunguko ulikuwa muzuri, penseli ndiyo imeuharibu. Siku ingine nipige hodi tu.

Hodi? Nani anaanza na hodi? Kesho naenda kwa baba yake kuomba nipake rangi geti lao. Bure. Nitapaka polepole sana.