Kompyuta Saba na Tundu Moja

Jumatatu, 3 Machi
Programu ya kuchezea video imeanza tena kunisumbua na kidirisha chake cha manjano. Ati ina tundu: ukifungua faili ya video iliyotiwa hila, mwizi yumo ndani ya kompyuta. Pakua kiraka, uzibe. Dakika kumi na moja kila mashine. Ninazo saba. Sabini na saba! Studio hii nimeianza na kamera ya kuazima, leo nipangiwe kazi na kidirisha cha manjano? Binamu yangu wa chumba cha pili, tunamwita Profesa, ameshaziba zake. Anawaambia wateja kwamba mashine zangu ni nyumba isiyo na mlango. Atanikoma. Jumamosi ukoo mzima unakuja hapa kutazama video ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Nilirekodi masaa sita. Nayakata libaki moja.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Nimerudisha tarehe ya kompyuta zote nyuma miaka mitatu. Programu sasa inaamini kiraka hakijazaliwa. Kimya! Dakika mbili kila mashine. Nimeokoa sitini na tatu. Nimebandika mlangoni: HAPA MATUNDU YOTE YAMEZIBWA. Profesa kaisoma mara mbili, kaenda zake. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Jana jioni nimemaliza kuikata harusi. Leo mteja kaleta flashi ya vichekesho, akaomba nimjaribishie. Mashine namba nne. Kioo kikawa cheusi. Kishale kikatembea chenyewe. Kufika adhuhuri, mashine zote saba, maana zimeunganishwa, hazifungui faili hata moja. Sikutishika. Nina diski ya akiba. Kila jioni inanakili kazi mpya. Nikameza aibu, nikaichomeka kwa Profesa. Kumbe kazi ya Jumanne na Jumatano ilibeba tarehe ya miaka mitatu iliyopita. Diski imeiona kuukuu, ikairuka. Iliyobaki ni ile video mbichi, isiyokatwa, ya masaa sita. Profesa hakucheka. Alisema diski haina kosa, imeniamini tu. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 8 Machi
Viti ishirini na vinane, vyote vimejaa. Nimeonyesha mbichi. Nimewaambia ndio mtindo wa sasa. Nilisahau kwamba kamera humrekodi na mpiga picha. Dakika ya arobaini, sauti yangu, safi kabisa: bwana harusi anacheza kama anayezima moto kwa miguu. Nikakimbilia kitufe. Mama akaniamuru niketi. Yalibaki masaa matano na dakika ishirini. Mwisho mdogo wangu alisimama.
"Kaka, huyo mzima moto ndiye aliyekubebea taa zako siku nzima."
Hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 10 Machi
Jana Profesa kazisafisha mashine zote. Sikumwomba, katumwa na mdogo wangu. Leo asubuhi kidirisha cha manjano kimerudi. Tundu jipya. Dakika kumi na mbili mara saba: themanini na nne! Nimekaa, nimepiga hesabu, kosa nimeliona.
Miaka mitatu ilikuwa michache. Nimerudisha mitano.