Matabishi kwa Sentineli wa Ndani ya Mashini

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Mimi Bulaimu, miaka sabini na moja. Wabeleji walikwenda, mimi niko. Waasi walikuja wakakwisha, mimi niko. Wake wawili, madirekta wanne, mbwa wa geti: wote wamenitangulia. Geti la depo ya kasiteriti, mawe ya bati, hapa Kasuku bado njo langu: mimi sentineli, mlinzi wake. Ninaandika mwenyewe. Herufi zimelala kidogo, lakini zinasomeka!

Leo habari mbaya. Jumamosi, ile ordinatere, mashini ya kufikiri iliyotoka Ulaya, itatoa karte mpya za wafanyakazi, mbele ya Komiseri wa Zone. Okito, karani wa biro, amepita getini anacheka. Akasema mashini inajua mwaka wa kila muntu. Aliyepita sitini na tano inamwandikia Retraité, aende nyumbani akaote jua. Akauliza kama kiti changu kiko imara, maana shemeji yake ni munene.

Shemeji yake! Kijana anayesinzia huku amesimama!

Jumanne, 4 Oktoba

Direkta Onema anatoka jasho. Amejaribu karte ya kwanza, yake mwenyewe. Imetoka Monsieur Onema. Monsieur! Nchi nzima Monsieur imekatazwa, tunaitana Citoyen, na Komiseri anakuja! Kwa neno moja hilo direkta anaweza kupoteza kiti, pengine na kulala ndani. Okito akashauri wafute kwa wembe. Direkta akamwambia ajifute yeye kwanza.

Programu yenyewe haiguswi. Wenye kuitengeneza wameifunga: ukibadili herufi moja, inagoma yote.

Wametuma gari Kalima kumwita Émilienne, binti fundi wa mashini hizi.

Jumatano, 5 Oktoba

Amefika. Amevaa pagne safi, disketi moja tu ndani ya kikapo. Akanisalimia kwa heshima, papa, habari ya kazi. Mutoto wa watu!

Nikaingia biro kupeleka maji ambayo hakuna aliyeniomba. Nikamuuliza atafanyaje. Hakunifukuza. Akasema programu ya Ulaya inakaa ndani ya tumbo la mashini, lakini haipandi kichwani yote mara moja. Inapanda kipande kwa kipande, kila kimoja kazi yake ikifika. Basi yeye ameandika programu ndogo, iko kwenye disketi yake. Inaingia mbele, inasimama mulangoni. Kipande kikija: simama! Inakitazama. Kama si chenyewe, pita. Kama njo kile chenye Monsieur, inakikamata, inaondoa Monsieur, inaweka Citoyen, kisha inakiacha kipande kiende. Kule tumboni hakuna kilichoguswa, kwa hiyo programu haina sababu ya kugoma.

Nikasema haiwezekani, utabadilishwaje mulangoni bila kujua? Akacheka. Papa, kanisani mimi ni Émilienne. Nikifika mulango wa biro ya serikali, niko Citoyenne Kitenge. Padri hajafuta kitu kwake, na serikali haijaona Émilienne.

Nilikaa chini. Sentineli! Ndani ya mashini iko sentineli! Na nani alimfundisha huyu binti kazi ya geti? Bila shaka alinitazama mimi wakati anaingia.

Nikamwomba amwambie sentineli wake akamate na miaka yangu pia, aweke hamsini na nane. Akakataa kwa upole. Citoyen ni sheria, papa. Kupunguza miaka ni uongo.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimetoka msikitini na akili mpya.

Nimekosea nini? Nilimwomba mukubwa wa sentineli! Muntu mwenye haja ya kupita anaonana na sentineli mwenyewe. Na sentineli tunaonana naye kwa matabishi, kitu kidogo cha mkononi. Mimi sijui hilo? Mimi!

Saa ya kula, biro tupu. Nikakunja noti nzuri ndogo-ndogo, pamoja na karatasi: Ndugu sentineli, Bulaimu ana miaka 58, ni mimi mwenzako wa geti. Nikasukuma vyote ndani ya kile kinywa kinachokula disketi. Kikameza bila kelele. Kazi safi!

Okito akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia shemeji yake atafute mti, achonge kiti chake mwenyewe.

Jumamosi, 8 Oktoba

Ngoma uwanjani, Komiseri anashika mikono ya watu. Émilienne anaingiza disketi. Haiingii. Anasukuma. Haiingii!

Bila disketi, sentineli hayumo. Bila sentineli, Monsieur kwa wote. Direkta akamshika Émilienne mkono, mama, mama, fanya kitu. Okito akasema watoe karte hivyo hivyo. Direkta akamuuliza kama yeye njo atampelekea chakula gerezani.

Émilienne akainama, akachomoa kibanio cha nywele, akavuta. Zikatoka noti. Ikatoka karatasi. Akaisoma. Akanitazama. Nikatazama dari.

Direkta akauliza ni nini. Akajibu: uchafu tu, Citoyen Direkta.

Uchafu! Mwandiko wangu! Lakini ameniokoa, binti huyu.

Komiseri akaingia wakati karte zinatoka. Citoyen Onema. Citoyen Okito. Citoyen, Citoyen, hakuna Monsieur hata mumoja! Komiseri akapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Kisha ikatoka yangu. Citoyen Bulaimu, Retraité. Mwisho wa mwezi ninaondoka. Meno yote ya Okito yalikuwa nje.

Jumapili, 9 Oktoba

Émilienne amenipitia kabla ya kurudi Kalima. Akanirudishia noti zangu. Akasema nimuahidi, nisiweke tena karatasi ndani ya mashini. Nimeahidi.

Nimefikiri siku nzima. Askari wa barabara nawajua, wa bandari nawajua, mimi mwenyewe ninajijua. Sentineli wa kurudisha matabishi, kama huyu wa ndani ya mashini, sijapata kumwona Maniema nzima. Ni muntu mukubwa! Ninamvulia kofia.

Lakini kwa nini amekataa? Nimeelewa jioni hii. Noti atazinunulia nini, amefungwa ndani ya chuma siku zote? Na ile mashini ikifanya kazi inalia grr, grr, kama mnyororo wa kinga, baiskeli isiyotiwa mafuta. Ana kiu, ndugu yangu! Karatasi nimeahidi. Mafuta sikuahidi.

Mwezi haujaisha, funguo bado ninazo. Kesho saa ya kula: chupa nzima ya mawese, yenye moto kidogo, ishuke vizuri.

Asiyeniamini aende Kalima amuulize Émilienne. Amuulize Direkta Onema, jasho lake nililiona. Amuulize Mwavita wa sokoni, njo yeye aliyenipimia mafuta leo. Okito asiulizwe.