Chumba Chenye Roshani

Jumatatu, 3 Machi
Ngazi sabini na mbili. Nimezihesabu tena leo, nikiwa na mfuko wa unga begani. Wageni husimama barabarani kuipiga picha nyumba hii kongwe. Hakuna anayepiga picha magoti yangu.

Mama alikuja kunitazama. Alipofika ghorofa ya pili akaketi kwenye ngazi, akasema haendi mbele. Fundi saa anayepanga hapo akamtolea kiti na maji. Nikateremka kuzungumza na mama yangu mzazi mlangoni kwa mtu! Mdogo wangu, anayeishi naye, atacheka wiki nzima. Nilimwahidi Mama kwamba mwaka huu atahamia kwangu. Chumba cha fundi kina roshani na nafasi ya vitanda viwili. Nakitaka.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mwenye nyumba. Tunamwita Bi Funguo, maana zote zinaning'inia kiunoni mwake. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba fundi anagonga nyundo kutwa. Akasema fundi saa hana haja ya nyundo, na kwamba kelele anazozisikia yeye ni zangu, ninavyopanda nikilalamika. Sikujua kuwa nasikika.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali. Nimeiandikia barua ofisi ya majengo ya kale. Sikutia jina. Nimeeleza kwamba fundi wa ghorofa ya pili anatoboa ukuta wa kihistoria kwa misumari ya kutundikia saa. Nimeandika "urithi wetu" mara nne. Nimetumia mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Nikaipeleka mwenyewe. Karani akaniomba nisaini daftari la kupokelea barua. Nikasaini, jina kamili, kabla sijafikiri.

Jumatatu, 10 Machi
Mkaguzi amefika, mama mfupi mwenye tochi na bisibisi. Kwa fundi alikaa dakika tano. Alisema misumari ile imemzidi umri fundi mwenyewe.

Nilikuwa nimemvizia kwenye ngazi. Akauliza huko juu kuna nini. Nikamwambia ni kwangu, karibu. Ndiyo, nilimkaribisha kwa mdomo wangu! Akaichoma boriti yangu kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate. Akafungua ramani. Nyumba hii ina ghorofa tatu. Ya nne ilijengwa bila kibali. Akabandika karatasi mlangoni pangu: nihame ndani ya siku tatu.

Jumatano, 12 Machi
Bi Funguo hasemi nami. Anausemesha ukuta, nami nikiwa karibu, kwamba kuna watu wanaokata tawi walilokalia.

Nikampigia simu mdogo wangu kuomba hifadhi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwake pamejaa. Nikamsikia Mama akiuliza ni nani. Akamjibu, "Si mtu."

Alhamisi, 13 Machi
Godoro limekwama ghorofa ya tatu, pale ngazi zinapopinda. Nikalikalia. Nikalia kidogo.

Fundi akapanda bila kuitwa, akashika upande mmoja, tukashuka. Alipofika mlangoni pake hakupita. Akaliingiza ndani.

"Mkaguzi alinionyesha barua yako, jirani," akasema. "Mwandiko mbaya kweli. Lakini mama yako akija, atafikia wapi?"

Nikamwomba tu aliweke godoro mbali na saa za ukutani. Zina kelele.

Jumapili, 16 Machi
Mama amekuja. Akapanda taratibu, akapumzika mara moja tu. Akakaa roshanini mchana mzima akizungumza na fundi, anacheka mpaka anafuta machozi. Aliponiita kando nikadhani ananisifu. Akasema yule kijana amelelewa akaleleka. Nikauliza, na mimi je? Akasema chai inapoa.

Fundi analala upande wa roshani. Mimi niko kando ya sinki, inayodondoka.

Alipotoka kumsindikiza Mama, nikafungua droo yake na kuusoma mkataba wake wa kupanga. Kifungu cha sita: mpangaji haruhusiwi kumweka mtu mwingine chumbani bila idhini ya mwenye nyumba. Akikiuka, anaondoshwa.

Na amemweka mtu! Siku ya nne leo! Kesho asubuhi na mapema nitakuwa mlangoni kwa Bi Funguo. Ushahidi ninao.