Kalunguyeye wa Bwana Toni

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya wageni, ndani ya kanzu ya kuazima.

Nawaandikia nyiye ndugu zangu watatu mlioko Mombasa kwa sababu habari itafika tu, na Suleimani ataitia pilipili. Bora muipate kwangu mie mwenyewe, ndevu bado mbichi. (Mwandiko wangu mnaujua. Chuo cha Kurani nilifika Juzuu Amma tu, skuli nikiiona kwa nje. Someni taratibu.)

Chanzo ni Suleimani Mapengo. Nalitaja jina na silifuti. Suleimani binamu yangu, ndiye mwenye nyumba hii ya Matrah, jirani na Maskati, nami nnalala kibanda cha kuni uani kwake tangu tutoke Unguja. Sasa mwaka wa nne. Kibanda chenyewe nikinyoosha miguu, vidole viko nje. Ndiyo maana mke wangu Maryamu bado yuko huko kwenu kwa dada yake. Hapa nitamweka wapi? Juu ya kuni?

Miezi miwili nyuma akatokea sokoni mzungu wa kampuni ya mafuta, Bwana Toni, aliyewahi kukaa Nairobi, anauliza nani anajua wanyama. Yeye anapenda kalunguyeye. Mnamjua? Si nungunungu. Huyu mdogo, anajaa viganja viwili, ukimgusa anajiviringa mpira wa sindano. Huku kwenye mawadi, mabonde makavu haya, wamejaa. Bwana Toni ana dume na jike, anataka wazae wakiwa bandani, halafu watoto awapeleke kwao kwenye bustani ya wanyama. (Watu wana raha zao.)

Suleimani akadakia: "Huyu binamu yangu alikuwa daktari wa wanyama Unguja!"

Mie nikanyamaza. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu. Kweli, nilikuwa ofisi ya daktari wa ng'ombe. Lakini daktari alikuwa mwengine.

Mbona nilinyamaza? Kwa sababu Bwana Toni alisema wakizaa, atajenga banda kubwa kambini kwao, na mwangalizi atapewa chumba. Chumba cha mawe, cha mume na mke, kina mlango na kitasa. Nilipolisikia neno kitasa, ulimi ukaganda.

Sasa sikilizeni, kazi niliifanya. Hilo nalisema na sioni haya, yatakayofuata ndiyo ya haya. Wanyama waliletwa hapa uani na kupe kama wamevaa shanga. Nikawatoa mmoja mmoja kwa kibano na mafuta ya ufuta, vidole vikitobolewa. Mzungu akaleta maziwa ya kopo, wakaharisha siku mbili, nikayakataza. Nikawapa yai la kuchemsha na mende. (Matrah haina shida ya mende. Kwa Suleimani peke yake ningelisha kambi nzima.) Kila alfajiri nikimwona dume anamzunguka jike, anazunguka, anazunguka, kama mposaji asiye na mahari, na jike akimpulizia "fuu!" usoni. Siku moja fuu ikakatika. Baada ya wiki tatu tumbo likashuka. Nikamtenga dume sanduku lake, maana baba wa ukoo ule hula wanawe.

Leo ndiyo ilikuwa siku. Bwana Toni aje amtazame jike, na aje na Sheikh Humud, msimamizi wa wafanyakazi, maana vyumba vya kambini anavigawa yeye. Sheikh Humud naye kaishi Unguja, Kiswahili chake kimenyooka. Mtu mzito. Akikaa, mkeka unalalamika.

Asubuhi Suleimani akanijia na kanzu yake mpya na kichupa cha mafuta ya udi.

"Yakhe, vaa hii. Na ujipake. Unanuka banda."

"Nnanuka kazi."

"Kazi hainuki hivyo. Jipake mikono, mikono ndiyo watakayokushika."

Nikajipaka mpaka kwenye viwiko. Suleimani huyu, bakhili mwana wa bakhili, tangu niingie nyumba yake sijapata kunusa udi hata kwa bahati. Leo katoa chetezo, kaa la moto, udi mzima mzima, moshi ukajaa ua. Akafukiza mkeka, akafukiza milango. Akafukiza na masanduku ya kalunguyeye! Nikamwambia, "Kwani hao nao wageni?" Akanambia, "Wao ndio maharusi."

Nikacheka. (Wallahi nilicheka.)

Saa nne wakafika. Halwa ikaliwa, kahawa ikazunguka, wakarashiwa marashi. Sheikh Humud akaniuliza nimesomea wapi udaktari. Suleimani akajibu kabla yangu: "Kwa Waingereza wenyewe!" Sheikh Humud akatikisa kichwa kwa heshima. Akanambia, "Chumba kipo, bwana daktari. Kina dirisha la baharini. Mwandikie mama aanze kufunga mizigo."

Mwandikie mama aanze kufunga mizigo! Nilihisi machozi, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Bwana Toni kwa Kiswahili chake cha Nairobi akasema: "Sasa wewe naleta hii mama, mimi naona tumbo."

Nikaenda sandukuni, nikamtoa jike kwa mikono yangu miwili yenye udi mpaka viwikoni. Nikachuchumaa mbele ya wageni. Akajikunjua polepole, pua ikatoka. Akaninusa kidole. Akanusa tena. Akakilamba. Sheikh Humud akasema, "Mashaallah, anakujua!"

Halafu akanitafuna kidole. Si sana. Kidogo tu.

Na hapo hapo akaanza kutoka povu.

Povu, jamani! Jeupe, jingi, linamiminika kama sabuni ya dobi. Akatanua miguu. Akapinda shingo nyuma, mwili wote umekwenda upande, ulimi umetoka mrefu hivi, anajipaka povu mgongoni huku anatetemeka. Mie hapo nikajua nimekwisha.

Kwani mie nlishaona povu. Unguja uliletwa mzoga wa mbwa ofisini, mdomo mweupe, na daktari akatupanga mstari akatufundisha: hiki ni kichaa cha mbwa, mwenye nacho akikung'ata umekwisha. Dalili yake povu. Na mwenye kichaa hiki huogopa maji. Mambo mawili hayo niliyashika kama Alhamdu, maana ndiyo pekee niliyofundishwa miaka yote ile.

Nikamwachia mkekani, nikapiga ukelele: "Kichaaa! Ana kichaa! Kanitafuna!"

Bwana Toni akaruka juu ya sanduku. Suleimani akapotea. (Mwenye nyumba! Tulimkuta baadaye chooni, kajifungia.) Nami akili yangu yote ikaniambia neno moja tu: maji. Anaogopa maji! Pembeni ya kisima liko hodhi, limejaa, maji yanafika kiunoni. Nikapiga mbio. Na kwa kuwa mie ni mtu muungwana, sikutaka kuokoka peke yangu. Nikamkamata Sheikh Humud mkono.

"Ingia, Sheikh! Ingia majini! Majini hatatufuata!"

"Niache! Niache, we mwana!"

"Ingia uokoke!"

Nikamvuta. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Tukaingia wote wawili, chubwi! Maji yakatoka nusu. Kilemba cha Sheikh Humud kikabaki kinaelea, kahawa bado anayo mkononi. Ndani mke wa Suleimani akapiga yowe: "Maji ya kunywa hayo!"

Majirani wakachungulia ukutani. Wote. Hata yule kiziwi.

Ndugu zangu, mie mwaka ule wa mapinduzi Unguja nilitoka hai, Vuai mwana wa Shaame akiwa mlangoni kwangu na panga, Vuai aliyekuwa akifuturu kwangu. Sikutoa sauti hata moja. Leo nimeutoa mtaa mzima nje kwa mnyama wa ratili moja.

Basi tumo majini, nimemkumbatia Sheikh Humud, yeye ananitazama. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Bi Zayana, ajuza wa milimani anayetuuzia majani ya mbuzi, mzigo kichwani. Akatuona.

"Salaam alaykum. Mnaoga?"

Bwana Toni, bado yuko juu ya sanduku, akamwonyesha mnyama kwa kidole. Bi Zayana akatua mzigo, akachuchumaa, akanusa hewa. Halafu akaanza kucheka. Meno hana, kicheko anacho.

"Mmemfukizia udi?" akauliza kwa Kiarabu chake cha huko juu.

Macho yetu yakaenda kwenye chetezo. Bibi akaendelea:

"Huyu kunfudhi (ndiye kalunguyeye kwa Kiarabu) ndivyo alivyo. Akikutana na harufu asiyoijua huilamba, akaitafuna ikawa povu, akajipaka miba yake. Anajitia manukato kama nyiye. Watoto wa kwetu humpa ganda la limau makusudi, wapate kucheka."

"Muongo!" nikasema nikiwa hodhini. (Mie! Bado nabisha!)

Bi Zayana hakunijibu. Akaokota ganda la limau palipokuwa na kahawa, akaenda kwenye sanduku la dume, akamwekea puani. Dume akanusa. Akalamba. Akatafuna. Povu! Shingo nyuma, ulimi nje, mgongo wote mweupe. Mzima wa afya.

Bwana Toni akashuka, akachuchumaa karibu yake, akatoa daftari akaanza kuandika. Bibi asiyejua alifu anasomesha, mzungu anaandika, daktari yumo hodhini.

Ndipo Sheikh Humud akasema. Polepole, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Wewe bwana. Hapo kwa daktari wa ng'ombe Unguja, kazi yako khasa ilikuwa ipi?"

Ningeweza kusema uongo mwengine. Lakini mtu ukishamtia mwenzio majini na kilemba chake, uongo unakosa pa kusimama.

"Nikifagia, Sheikh."

"Enhe?"

"Na ng'ombe akipigwa sindano... nikishika mkia."

"Mkia."

"Miaka kumi na moja, Sheikh."

Ukutani majirani walianguka. Nilisikia mmoja anagonga chini kabisa, na kicheko chake kikiendelea huko huko alikoangukia. Sheikh Humud hakucheka. Laiti angecheka. Alitoka hodhini kwa adabu, akakamua kanzu, akaniuliza neno moja ambalo litakaa nami: "Kwa nini hukuniambia? Ningekupa chumba kwa kazi hii niliyoiona. Wanyama wamenona."

Nilitazama maji.

Bwana Toni akamwambia, "Huyu nalisha mzuri, kupe hapana, tumbo iko. Mimi nataka yeye." Namshukuru mzungu yule, alisimama upande wangu. Sheikh Humud akafikiri, akatoa hukumu pale pale, nguo zikimvuja:

"Kazi afanye, kila siku aje na arudi. Chumba hapati. Chumba kimeandikwa cha daktari. Nikimwandika daktari mshika mkia, kesho kila mfagiaji wa Maskati atakuwa hakimu. Bi Zayana, wewe unataka chumba?"

"Nna mbuzi," akasema Bi Zayana, akaubeba mzigo wake.

Wakaondoka. Ndipo Suleimani akatoka chooni, mkavu, jambo la mwanzo aliloniuliza: "Na kanzu yangu?"

Jike yuko salama. Nilimrudisha sandukuni mie mwenyewe baada ya kunawa mikono mara saba kwa mchanga, asisikie udi tena. Yuko kimya kwenye majani yake, povu limemkaukia mgongoni, tumbo liko pale pale. Atazaa siku mbili tatu hizi, inshaallah. Yeye amepata pa kujifungulia.

Sasa nna ombi, na hili si mzaha. Wiki jana, kwa haraka yangu, nilishamwandikia Maryamu kuwa chumba kimepatikana, kina kitasa. Najua dada yake keshamshonea mapazia. Barua ya pili sijui niianze vipi, na kusoma atasomewa na mmoja wenu. Basi nakuombeni, atakayekwenda amwambie chumba kinapakwa chokaa, na chokaa ya Maskati inachelewa kukauka. Hodhi msilitaje. Na mkia msiutaje kabisa, maana hata yeye nilimuoa akijua mie ni daktari.

Anayetaka kucheka acheke, lakini afunge mlango kwanza.