Vita vya Bi Kengele na Saa Nane

Tegeni masikio, enyi waungwana mliokaa na mliosimama, niwasimulie vita ambavyo havikumwaga hata tone la damu, ila chai kidogo juu ya meza. Shujaa wake ni karani wa shule, Bi Kengele, Mwenye Vidole Vyepesi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja aliigonga kengele kwa nyundo, kwa mkono wake mwenyewe, jua liwake, mvua inyeshe. Kwa sababu hiyo hakupata hata siku moja kumsindikiza mama yake mzazi kliniki ya macho, maana daktari huanza kuita wagonjwa saa nane mchana, na saa nane ndiyo kengele ya kwenda nyumbani. Bibi wa watu alikwenda peke yake, akipapasa ukuta. Jambo hilo lilimuuma Bi Kengele kuliko alivyosema.

Basi kompyuta ilipoletwa ofisini ikaunganishwa na vipaza sauti, shujaa akaapa kuitia adabu. Akakunja mikono ya blauzi, akaandika katika faili la ratiba: dakika sifuri, saa nane, piga kengele ya mwisho, kila siku ya kazi. Akaenda zake kifua mbele.

Lo! Kesho yake saa mbili asubuhi, mwalimu wa hesabu hajamaliza hata kufuta ubao, kengele ya mwisho ikanguruma, na jeshi la watoto mia nne likafumuka langoni kwa vifijo, wala halikurudishika.

Mwalimu mkuu akasimama mlangoni, akanena kwa sauti ya radi: "Bi Kengele! Mashine yako imefunga shule sijavua hata koti. Ikikosea tena kesho, yenyewe inarudi kwenye boksi, na wewe unarudi kwenye nyundo!"

"Niachie siku ya leo tu, Mwalimu," akajibu shujaa. "Mimi nimeiambia saa nane, yenyewe imepiga saa mbili. Kati yetu kuna mmoja hajui kusoma saa. Leo ni leo, tutajuana!"

Akaikabili skrini uso kwa uso. Akahesabu kwa vidole, akarudia, chai ikamwagika, na kumbe! Chombo kile huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane, watu wakikoroma, wala hakingoji jua lichomoze kama sisi wengine. Akaifuta nane. Akaandika kumi na nne, kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

Siku ya pili ilimkuta kwenye benchi la kliniki kando ya mama yake, ng'ambo ya ukuta wa shule, ameukumbatia mkoba. Mara kengele ikalia, na kelele za watoto zikafuata.

"Si kengele yako hiyo?" akauliza mama yake. "Mbona uko hapa?"

"Imejipiga yenyewe, mama."

Mama akanyoosha mkono. "Haya, nishike. Wananiita."

Na iandikwe basi katika kumbukumbu za mataifa, wajukuu wasome: siku hiyo, saa nane kamili mchana, binti alimshika mama yake mkono, na hakuna mtoto aliyechelewa kwenda nyumbani.